Daftari Lenye Kalenda ya 2021

Alhamisi ya tarehe 14 Novemba 2024, saa nne asubuhi, Rahab Nyaruai alikuwa akianika mahindi kwenye turubai nyuma ya nyumba yake huko Naitiri simu ilipolia. Alikuwa binti yake, Ciru, ambaye hufanya kazi katika duka la fotokopi mjini Kitale.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwa mahindi. Sema."

"Keti kwanza."

"Nikiketi kuku watakula. Sema tu."

Ciru akamsomea kutoka gazetini. Yalikuwa maoni ya mhakiki aitwaye Gathogo kuhusu filamu ya hali halisi iliyotoka mwezi uliotangulia, *Jina Juu ya Habari*. Filamu hiyo ilieleza kisa cha Muturi Kagwe, mwandishi wa habari wa Nairobi aliyefutwa kazi mwaka wa 2023 ilipojulikana kwamba habari nyingi zilizochapishwa kwa jina lake alikuwa ameziiba kwa watu wengine. Rahab alikuwemo kwenye filamu, karibu na mwisho, kwa dakika sita. Mhakiki aliisifu sehemu ya kwanza. Kisha akaandika:

"Dakika za mwisho ndizo zinazoiangusha. Mkulima wa Naitiri, Bi Rahab, anasoma kutoka daftari lake, nasi tunaambiwa kwamba Muturi aliyaiba maneno hayo mwaka wa 2018. Lakini daftari linapofungwa, jalada la nyuma linaonekana waziwazi, na lina kalenda ya mwaka 2021. Mtengenezaji wa filamu hakuuliza. Inatubidi tuulize sisi: kati ya hawa wawili, ni nani aliyenakili kwa mwenzake?"

"Rudia hapo mwisho," Rahab alisema.

Ciru alirudia. Rahab alishika simu mpaka salio la binti yake likaisha. Kuku walikuwa wamepanda turubai na hakuwafukuza.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Baba yake alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyandarua mwaka wa 1971, na Rahab alisomea huko mpaka akamaliza kidato cha nne. Alijifunza kupiga taipu mjini Kitale kwa mihula miwili, karo ikakatika, akaolewa na mwashi aitwaye Mbogo na kuhamia Naitiri. Mbogo alifariki mwaka wa 2011. Hati yake Rahab ilikuwa ndogo na imenyooka, na kwa sababu hiyo watu walimletea matangazo ya matanga, barua za chifu na maombi ya nafasi za shule. Hakuwahi kuzidisha. Mtu akimwambia aandike kwamba marehemu alipendwa na wote, aliuliza kwanza kama alipendwa na wote.

Mwaka wa 2010 alichaguliwa katibu wa kikundi cha wakulima. Kikundi cha kwanza kilikuwa kimevunjika mwaka mmoja nyuma, kwa sababu katibu wa wakati huo aliandika kumbukumbu za mkutano kwenye karatasi, akazihamisha kwenye daftari, na zote mbili zikabaki. Karatasi ilisema mpaka wa shamba la maonyesho uko hapa, daftari likasema uko pale. Kila upande ulibeba ushahidi wake kwa chifu. Kikundi kipya kilipoanza, mwenyekiti, Job Kipyegon, aliweka sharti moja ambalo hakuna aliyelipinga. Katibu ataandika karatasi wakati watu wanaongea. Ataihamisha kwenye daftari. Mkutano ufuatao atasoma daftari kwa sauti, wanachama wakubali, kila mmoja aweke dole gumba mbele ya jina lake, kisha karatasi ichomwe palepale, watu wote wakiona. Daftari likichakaa, litanakiliwa neno kwa neno kwenye daftari jipya, likubaliwe upya, na la zamani lichomwe vilevile. Nakala isiwepo ya pili popote.

Rahab aliifuata kanuni hiyo kwa miaka kumi na minne. Aliiona ni safi. Haikumjia hata siku moja kwamba mtu wa nje angeweza kuitazama kwa jicho jingine.

Mwaka wa 2017 mbegu walizonunua kwa muuza pembejeo mmoja aliyetoweka baadaye ziliota vizuri, zikapanda juu kuliko mtu, kisha hazikubeba. Mwezi wa Novemba kikundi kilikutana siku tatu mfululizo ili kila mwenye hasara aeleze. Walieleza watu arobaini na mmoja. Rahab aliandika kama walivyosema. Aliyekumbukwa zaidi ni Kiplangat, mtu mpole aliyekuwa na ekari mbili upande wa Tongaren. Aliposimama alisema hakuwahi kuona shamba la kijani kama lile, kwamba watu walikuwa wakisimama barabarani kumpongeza, na kwamba mwaka huo ng'ombe ndiye aliyevuna. Watu walicheka. Kiplangat hakucheka, na Rahab aliandika pia kwamba hakucheka.

Februari 2018 Muturi Kagwe alifika. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyekaa chini na kula alichopewa. Alisikia habari za daftari na kuomba atolewe nakala kwenye duka alikofanya kazi Ciru. Wanachama walikataa, kwa kanuni yao. Lakini hawakutaka kuonekana watu wagumu, kwa hiyo walikubali aliazime daftari lenyewe kwa siku mbili. Alilirudisha siku ya tatu, limefungwa kwa gazeti lisichafuke.

Mwezi wa Aprili habari zilitoka, sehemu nne, kwa jina lake. Zilianza na ng'ombe aliyevuna. Mpangilio ulikuwa wa Rahab, maneno yalikuwa ya watu wa kikundi, lakini hakuna palipotajwa kikundi wala katibu. Kiplangat alikuwa "mkulima mmoja". Mwisho wa mwaka Muturi alipewa tuzo. Job Kipyegon alisema angalau habari imefika mbali.

Kiplangat alifariki Agosti 2020. Machi 2021 mchwa waliingia kwenye sanduku la Rahab wakala pembe za daftari. Alinunua jingine la jalada gumu, lenye kalenda nyuma, akanakili kurasa zote kwa siku kumi na moja. Wanachama walisomewa, wakaweka vidole upya, na la zamani likachomwa. Mbele ya jina la Kiplangat aliacha nafasi tupu, akaandika kwa wino mwekundu: marehemu.

Ndivyo kalenda ilivyofika pale. Jelagat, mtengenezaji wa filamu, msichana aliyezaliwa upande wa Endebess, alipokuja na kamera alimwomba asome ukurasa wa Kiplangat. Rahab alisoma. Hakuulizwa daftari lilinunuliwa lini, naye hakusema. Kwake daftari lilikuwa lilelile.

Baada ya maoni ya Gathogo wengine walifuata. Mhadhiri mmoja aliandika kwamba filamu inayomshtaki mtu kwa kutokagua vyanzo vyake nayo haikukagua vyake. Mwingine aliuliza kwa nini watu wa mjini huamini kila neno la mama wa kijijini mradi amefunga kitambaa kichwani. Kwenye kundi la WhatsApp la soko la Naitiri mtu alituma picha ya jalada lile, kalenda imezungushiwa mduara mwekundu, na watu wakaweka vikaragosi vya kucheka.

Wiki iliyofuata Muturi mwenyewe alihojiwa redioni. Rahab alisikia akiwa anapukuchua mahindi.

"Nimekosa mengi," sauti ilisema, "na nimeomba msamaha, hata leo naomba. Lakini ile ya mahindi ni kazi yangu. Niliwasikiliza wale wakulima mmoja mmoja. Huyo mama simlaumu. Labda alisoma gazeti, akaipenda, akajiandikia."

Rahab aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likabaki tupu, na bado vidole vilikuwa vikizunguka.

Jioni hiyo Ciru alikuja nyumbani kutoka Kitale. Alikuta mama yake amefungua daftari mezani lakini hasomi.

"Si niliwaambia ile siku niwatolee kopi," Ciru alisema. "Moja tu, Mama. Ningeiweka kwa droo pale dukani na hakuna mtu angejua."

"Mimi ningejua."

"Sasa ona."

"Kanuni haikuwa yangu peke yangu, Ciru."

"Lakini jina kwa gazeti ni lako peke yako."

Rahab alifunga daftari. Jelagat alipopiga simu kumwalika Bungoma, filamu itakapoonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa na watu kuijadili, alikubali kabla msichana hajamaliza kuomba. Aliamini kwamba akisimama mbele ya watu na kueleza hatua kwa hatua, wataelewa. Siku zote ndivyo alivyomaliza ubishi kwenye kikundi: alisoma taratibu, na watu wakakubali.

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba alivaa sweta ya kijivu na kwenda na Job Kipyegon. Ukumbi ulijaa kiasi, wengi wakiwa walimu na wanafunzi wa chuo. Filamu ilipofika kwake, Rahab alijiona mkubwa ukutani, akisoma, na jalada lilipojitokeza alisikia watu mbele yake wakinong'ona kama watu waliosubiri kitu na sasa kimekuja.

Taa zilipowashwa, Jelagat alikaribisha maswali. Gathogo mwenyewe alikuwepo. Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani, na alisimama kwa heshima.

"Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliandika yale maneno, na sikuyaandika kwa ubaya. Nina swali moja tu. Hili daftari uliliandika lini?"

"Machi 2021," Rahab alisema.

Ukumbi ulivuma. Jelagat alimwangalia kama mtu aliyekanyagwa mguu.

"Habari za Muturi zilitoka Aprili 2018," Gathogo alisema.

"Ndiyo. Lakini hii ni nakala. La kwanza liliandikwa Novemba 2017. Muturi aliliazima Februari."

"La kwanza liko wapi, Mama?"

"Tulilichoma."

"Ati mlichoma?" sauti ya mwanamume ikatoka nyuma.

"Tulichoma mbele ya kikundi. Ni kanuni yetu. Na karatasi za mkutano pia tulichoma, zilipokubaliwa."

"Hii sasa ni kama kuchoma kitambulisho ndio usiibiwe, bana," mtu yule alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata waliokuwa upande wa Rahab.

Job Kipyegon alisimama bila kuitwa. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mimi ni chairman," alisema. "Mimi ndiye nilisema ichomwe. Msimcheke huyu. Hayo maneno mimi nilisikia na hii masikio, Kiplangat akisema, Muturi hajakuja hata kuuliza njia."

"Asante, Mzee," Gathogo alisema. "Hilo daftari la kwanza, wewe ulilisoma?"

"Mimi sisomi. Nilisomewa."

Watu wakacheka tena, kidogo.

"Wewe," Job alimwambia aliyecheka karibu naye, "mama yako akisomewa barua yako, anasema hiyo si yako? Eeh? Anasema imeandikwa na msomaji?"

Kijana alitazama chini. Gathogo alingoja kimya kirudi.

"Mzee, nakuheshimu. Na mwaka? Unaukumbuka mwaka?"

Job alifikiri. Rahab, aliyekuwa amekaa pembeni yake, aliona midomo yake ikihesabu. Alitaka kumnong'oneza, lakini watu wote walikuwa wakitazama, na hakutaka ionekane anamfundisha shahidi.

"Ilikuwa mwaka ile mahindi ilikataa," Job alisema mwishowe. "Elfu mbili na kumi na nane. Au tisa. Kiplangat alikuwa bado mzima."

Gathogo hakufurahi. Aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha. Aliomba kuonyeshwa daftari, Rahab akampa. Aligeuza kurasa zake polepole, kama mtu anayejua kushika daftari la mwenzake.

"Hapa mbele ya jina la marehemu Kiplangat hakuna kidole."

"Alikuwa amekufa tulipoweka vya pili."

"Kwa hiyo mtu pekee ambaye maneno yake yanabishaniwa, alama yake haimo."

"Ilikuwemo kwenye la kwanza."

"Nakuelewa, Mama," Gathogo alisema, na akamrudishia kwa mikono miwili. "Inawezekana kila neno unalosema ni kweli. Mimi binafsi nataka kuamini. Lakini filamu hii inamwondolea mtu habari alizoandika, na huwezi kumwondolea mtu habari zake kwa sababu unataka kuamini."

Alipigiwa makofi. Hayakuwa makofi ya chuki. Watu walipiga makofi kwa sababu alikuwa amesema vizuri, na Rahab, aliyependa mambo yasemwe kwa mpango, alitambua kwamba kama angekuwa ameketi pale kama msikilizaji, pengine naye angepiga.

Nje, Job alimwambia, "Katibu, nimekuharibia."

"Hujaharibu, Mzee. Umesema unachokumbuka."

"Ni kumi na saba?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba," Job alirudia, akatikisa kichwa.

Jelagat alipiga simu siku ya nne. Alianza kwa kuuliza habari za nyumbani, mahindi na Ciru, mpaka Rahab akamsaidia.

"Unataka kunitoa."

"Mama Ciru, mimi nakuamini. Nataka ujue hivyo. Lakini kuna tamasha mbili zimesema hazitaionyesha ikiwa hivi. Na wakili anasema Muturi anaweza kutushtaki. Ile sehemu ya mahindi yote nitaitoa. Filamu ina kesi nyingine tano zilizo na ushahidi."

"Ukitoa mimi, acha Kiplangat. Andika tu kwamba yale maneno yalisemwa na mkulima wa Tongaren jina lake Kiplangat."

"Siwezi kuandika hivyo bila wewe. Wewe ndiye uliyesikia."

"Basi kwa filamu yako Muturi atakuwa hakuiba hiyo."

"Itakuwa haijatajwa," Jelagat alisema.

"Asiyetajwa miongoni mwa wezi hakuiba," Rahab alisema. Hakusema kwa hasira. Alimshukuru msichana kwa kumpigia mwenyewe badala ya kutuma ujumbe, akakata.

Toleo jipya la filamu lilionyeshwa Januari. Gathogo aliandika kwamba sasa limesimama imara, na kwamba mtengenezaji ameonyesha ujasiri wa kukata alichokipenda. Hakumtaja Rahab, na Ciru aliposoma alisema huenda hiyo ni heshima. Mwezi huohuo Muturi alitangaza kwamba zile habari nne za mahindi zitatolewa kama kitabu kidogo. Alisema ndiyo kazi yake moja ambayo hata maadui zake wameshindwa kuigusa.

Rahab aliona si vizuri habari hiyo imfikie mjane wa Kiplangat kupitia simu za watu. Jumanne moja mchana alikwenda Tongaren. Alimkuta Jepkoech uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Jepkoech alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, aliyekuwa akileta vitunguu kutoka Lwakhakha na kuviuza kwenye masoko ya huku kabla magoti hayajamsumbua. Alimpa mgeni kiti na chai, na Rahab akaeleza yote kwa mpangilio, kuanzia kalenda hadi kitabu cha Muturi.

Jepkoech alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Kwa hiyo mtu akisoma, atasema ni maneno ya huyo Muturi."

"Ndiyo."

"Na walipokuuliza umeandika lini, ukawaambia elfu mbili na ishirini na moja."

"Ndiyo mwaka niliandika."

"Ungewaambia ile nyingine."

"Kalenda ilikuwa nyuma, Jepkoech. Walikuwa wameshaiona."

"Ungetoa jalada kabla ya kamera kukuja."

Rahab alishika kikombe kwa mikono yote. "Sikujua ni kitu cha kuficha."

"Najua. Wewe si mtu wa kuficha." Jepkoech aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. Aliokota jingine. Kisha mikono yake ikatulia. "Sasa niambie mimi, tukiwa hapa wawili. Sitamwambia mtu. Hayo maneno ya ng'ombe kuvuna, Kiplangat alisema kweli?"

Rahab alimtazama.

"Mimi sikuwa mkutanoni," Jepkoech alisema. "Hizo siku tatu nilikuwa Lwakhakha. Niliporudi hakuniambia kitu. Hata hiyo hasara hakuniambia vizuri, niliona mwenyewe kwa ghala. Tulikaa miaka ishirini na sita na sikumsikia akisema maneno kama hayo. Huyo mtu hakuwa wa maneno. Halafu nasikia redioni, mtu aliyesoma anasema ni yake. Usikasirike. Nauliza tu."

"Aliyasema," Rahab alisema. "Alisimama karibu na dirisha. Watu wakacheka, yeye hakucheka."

"Sawa," Jepkoech alisema.

Aliusogeza ungo karibu na kuendelea kuchambua. Rahab alikunywa chai iliyobaki, ambayo ilikuwa imepoa. Alisubiri swali jingine lolote, hata la shaka, ili apate kulijibu. Jepkoech aliuliza tu kama mahindi ya Naitiri yameshakauka, na kama barabara ya kurudi ina matope.